Mshirika mdogo anapoleta jeraha lake mezani: Visiwa vya Marshall na Marekani mjini Geneva, Oktoba 2022

Swali: Mwanafunzi wa Dodoma

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu namna mataifa madogo yanavyopiga kura katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Kuna siku mbili zilizofuatana ambazo kila nikijaribu kuziacha ninajikuta nimezirudia, kwa hiyo nimeona niziweke hapa mbele yenu.

Tarehe 6 Oktoba 2022 Baraza, lenye wajumbe 47, lilipigia kura pendekezo la Marekani na nchi kadhaa za Magharibi kuhusu Xinjiang, jimbo la China wanakoishi Waislamu wa jamii ya Uighur. Pendekezo lenyewe halikumlaani mtu. Liliomba tu kwamba katika kikao kinachofuata ufanyike mjadala juu ya ripoti ya hali ya haki za binadamu huko, ambayo Michelle Bachelet, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa wakati ule, aliitoa usiku wa tarehe 31 Agosti, dakika chache kabla ya muda wake wa utumishi kwisha. Hata hilo la kujadiliana tu lilishindikana: nchi 19 zilikataa, 17 zikakubali na 11 zikajizuia kupiga kura. Miongoni mwa zile 17 zilizosimama na Marekani vilikuwamo Visiwa vya Marshall, nchi ya watu wapatao 42,000 katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Kesho yake, tarehe 7, Visiwa vya Marshall vilileta shauri lao wenyewe katika kikao hicho hicho. Viliomba msaada wa kitaalamu wa Umoja wa Mataifa katika kushughulikia athari za haki za binadamu zilizoachwa na majaribio ya nyuklia. Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ililipua silaha 67 za nyuklia katika visiwa hivyo, nyingi zikiwa kwenye atoli, yaani visiwa vya matumbawe vilivyojipanga kama pete, za Bikini na Enewetak. Azimio lilipita bila kupigiwa kura, lakini Marekani, pamoja na Uingereza, India na Pakistani, zilieleza kwamba zina wasiwasi na baadhi ya mambo yaliyomo.

Nieleze kinachonisumbua. Mshirika aliyesimama nawe jana katika kura uliyoshindwa anakuja leo na ombi lake, nalo ni ombi linalohusu watu wake walionyeshewa majivu ya bomu lako, nawe unasema una wasiwasi. Ninataka kuelewa shinikizo la namna hii linavyofanyika hasa, kwa sababu katika vitabu ninavyosoma shinikizo ni vitisho, vikwazo na misaada kukatwa, ilhali hapa sioni lolote kati ya hayo. Ninataka pia kujua kwa nini taifa kubwa lihofie azimio ambalo halina nguvu ya kisheria ya kumlazimisha yeyote. Mwisho, ningependa kusikia kama mtu yeyote humu anaamini kwamba kura ya tarehe 6 ilikuwa malipo ya kimya ya tarehe 7, maana msimamizi wangu ananisukuma kuelekea huko na mimi moyo wangu unasita.

Jibu la kwanza: Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenigusa kwa sababu niliwahi kuwa karani wa vikao katika ofisi ya uwakilishi wa nchi moja ya Afrika mjini Geneva, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa nyuma ya afisa wetu na kuandika kila neno lililobadilishwa katika rasimu. Nitakueleza nilivyoona mambo yakienda, halafu nitarudi kwenye kisa chako.

Ukumbi mkubwa unaouona kwenye picha, ule wenye dari la rangi nyingi, ni mahali pa kutangazia yaliyokwisha kuamuliwa. Maamuzi hufanyika katika mashauriano yasiyo rasmi, kwenye vyumba vya kawaida, rasimu ikiwa imeonyeshwa ukutani na kila nchi ikiinua kibao chake kuomba kusema. Huko hutasikia mtu akimtishia mwenzake. Utasikia afisa kijana akisema kwa adabu kwamba serikali yake inaunga mkono kwa dhati lengo la rasimu, ila ingefaa aya ya nne iondolewe, na aya ya saba itumie maneno ambayo Baraza limekwisha kuyakubali katika azimio la zamani. Mwingine atasema kwamba bado hajapata maelekezo kutoka nyumbani. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwani maana yake ni kwamba nchi yake inaweza kuitisha kura, na dola ndogo inayoleta azimio juu ya msiba wake hupenda sana lipite kwa maridhiano. Azimio lililopita kwa maridhiano hubeba jina la Baraza zima, lakini lililopigiwa kura hubeba orodha ya waliokataa, na orodha hiyo hutumiwa dhidi yako miaka ishirini baadaye. Hofu ya kura ndiyo rungu, na bei ya kuliepuka hulipwa kwa maneno: neno hili linalegezwa, lile linafutwa, kichwa cha azimio kinapata sura ya upole.

Sasa tazama azimio la Visiwa vya Marshall. Kichwa chake kinazungumzia msaada wa kitaalamu na kujenga uwezo ili kushughulikia athari za haki za binadamu za urithi wa nyuklia. Katika ajenda za Baraza hilo ni fungu la kumi, la nchi inayoomba kusaidiwa. Fungu la nne ni la hali zinazohitaji Baraza lizikodolee macho, yaani pale ambapo kuna mtuhumiwa. Nchi iliyolipuliwa mara 67 imeingia kwa mlango wa muombaji, na mlango wa mshitaki ukabaki umefungwa. Wako watakaosema huo ni udhaifu. Mimi naona ilikuwa busara ya hali ya juu, kwa sababu kupitia mlango huo walipata walichokihitaji: Ofisi ya Kamishna Mkuu ilitakiwa kuisaidia Tume ya Taifa ya Nyuklia ya visiwa hivyo na kuandaa ripoti kamili.

Juu ya hofu ya Marekani, ukitaka kuielewa rudi kwenye Mkataba wa Ushirika Huru kati ya Marekani na visiwa hivyo, ambao ulianza kutumika mwaka 1986 visiwa vilipotoka katika udhamini wa Umoja wa Mataifa uliosimamiwa na Marekani. Ibara ya 177 ya mkataba huo, pamoja na makubaliano yaliyofungamana nayo, ilitoa dola milioni 150 za kuanzisha mfuko, na kwa fedha hizo Marekani ikahesabu kwamba madai yote yaliyopita, yaliyopo na yajayo yamemalizwa kikamilifu na kwa mara ya mwisho. Baraza la madai ya nyuklia likaundwa, likasikiliza watu, likakadiria hasara za ardhi na miili, na tuzo zake zikafikia zaidi ya dola bilioni 2. Mfuko ukakauka. Mwaka 2000 serikali ya visiwa iliomba Bunge la Marekani lifungue upya hesabu kwa hoja kwamba mambo yamebadilika, hasa kwa kuwa nyaraka nyingi za siri zilikuwa zimewekwa wazi baada ya mkataba kutiwa saini. Serikali ya Marekani ilijibu kwamba hoja hizo hazikidhi masharti ya mkataba.

Kwa hiyo unaposema azimio halina nguvu ya kumlazimisha yeyote, ni kweli, lakini lina nguvu ya kubandua lakiri. Kama Baraza la Haki za Binadamu, kwa maridhiano, linakubali kwamba athari za haki za binadamu zinaendelea hadi leo, basi neno "mwisho" katika ibara ya 177 linaanza kusikika kama neno la upande mmoja. Wanasheria wa Washington hulijua hilo, na ndiyo maana afisa wao mjini Geneva hupewa maelekezo ya kuwa mpole sana kwa wahanga na mkali sana kwa vitenzi.

Waangalie pia wale watatu waliosimama karibu na Marekani. Mwaka 2014 Visiwa vya Marshall viliyafungulia mashauri mataifa tisa yenye silaha za nyuklia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, vikidai kwamba yameshindwa kutimiza wajibu wa kujadiliana kwa nia njema juu ya kuzitokomeza silaha hizo. Mashauri yaliyoweza kuendelea yalikuwa matatu tu, dhidi ya Uingereza, India na Pakistani, kwa sababu ni hizo tu miongoni mwa tisa zilizokuwa zimekubali mamlaka ya mahakama ile. Tarehe 5 Oktoba 2016 mahakama ilisema haina mamlaka ya kuyasikiliza, na katika shauri la Uingereza majaji waligawanyika nane kwa nane hadi kura ya rais wa mahakama ikaamua. Uingereza ina kumbukumbu zake pia za majaribio ya nyuklia, ya Maralinga huko Australia na ya visiwa ambavyo leo ni Kiribati. Kila mmoja wao alikuwa akisoma rasimu ile huku akiwaza nani atafuata.

Jibu la pili: Binti Kisauni

Mzee wangu Karani, nimesoma maelezo yako kwa makini na nimejifunza mengi. Kwa heshima zote, naomba nimzuie ndugu yetu wa Dodoma asiingie kwenye mtego wa msimamizi wake juu ya kura ya tarehe 6.

Nadharia ya malipo ina kasoro moja kubwa: inamchukulia mdogo kama mtu asiye na akili yake. Visiwa vya Marshall vina uhusiano wa kibalozi na Taiwan tangu mwaka 1998, na kwa kuwa China haina uhusiano na nchi inayoitambua Taiwan, havina ubalozi wa Beijing wa kuuogopa. Paraguay na Honduras, ambazo nazo zilipiga kura ya ndiyo siku ile, zote mbili zilikuwa upande wa Taiwan wakati huo. Honduras iligeuka mwezi Machi mwaka uliofuata. Nchi hizi hazikuhitaji kusukumwa na mtu.

Tazama pia wale ambao ungetarajia wasukumwe wakakubali. Ukraine, wakati ule ikipigana kufa na kupona kwa silaha za Marekani na Ulaya, ilijizuia kupiga kura, na baadaye ikaomba kura yake ihesabiwe kuwa ya ndiyo ilhali matokeo yalikuwa yamekwisha kutangazwa. Malawi na Gambia zilijizuia. Senegal, Cameroon, Côte d'Ivoire, Gabon na Namibia zilikataa, na katika bara letu zima ni Somalia peke yake iliyosema ndiyo, ikiwa pia nchi pekee ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu kufanya hivyo, ingawa suala lililokuwa mezani lilihusu Waislamu wa jamii ya Uighur. Jambo hilo liliniumiza siku ile na linaniuma mpaka leo. Pakistani, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu zote zilikataa hata mjadala, na mjadala ni kitu kidogo mno kumnyima ndugu yako.

Ukitaka kuona shinikizo lenye meno, soma kisa cha Denmark mwaka 1997, enzi za Tume ya zamani ya Haki za Binadamu kabla Baraza halijaundwa mwaka 2006. Ilikuwa desturi kila mwaka Umoja wa Ulaya kuleta azimio kuhusu China. Mwaka huo Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uhispania zilijitoa, na Denmark ikaamua kulileta yenyewe. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alionya hadharani kwamba azimio hilo litageuka jiwe litakaloangukia kichwa cha serikali ya Denmark. China ikaomba lisijadiliwe kabisa, na ikashinda kwa kura 27 dhidi ya 17. Mwezi uliofuata Rais Chirac wa Ufaransa alikwenda Beijing, na mkataba wa kuuza ndege za Airbus ukatiwa saini. Ninapokisoma kisa hiki, onyo la China halinishangazi, kwani dola kubwa iliyobanwa hufoka. Kinachonishtua ni wale marafiki wanne wakubwa waliomwachia mdogo jiwe lake.

Kwa upande wa Marekani nako mwaka 2017 unatosha. Mwezi Desemba, kabla ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kupigia kura hadhi ya Jerusalem, mji ambao Marekani ilikuwa imeutambua kuwa mji mkuu wa Israeli, Balozi Nikki Haley alitangaza kwamba Marekani itaandika majina ya watakaoipinga, na Rais Trump akazungumzia kuzikatia misaada. Nchi 128 zilipiga kura ya kuipinga hata hivyo. Zilizosimama nayo, ukiitoa Israeli, zilikuwa saba: Guatemala, Honduras, Togo, Visiwa vya Marshall, Mikronesia, Nauru na Palau. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 128, Uganda na Rwanda zikajizuia, na sisi Kenya kiti chetu kilikuwa kitupu. Kutoonekana nako ni jibu la mtu aliyebanwa, ndugu yangu, na ningependa tasnifu yako iviweke viti vitupu katika hesabu.

Jibu la tatu: Mwalimu wa Usa River

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia, nimestaafu, na nitaongeza jambo ambalo sijaliona likitajwa, ingawa linatuhusu sisi wa Tanzania kuliko tunavyodhani.

Visiwa vya Marshall na Tanganyika vilikuwa vyumba vya nyumba moja. Baada ya vita vya pili vya dunia Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, msimamizi akiwa Uingereza, na visiwa vile vikawekwa chini ya udhamini huo huo mwaka 1947, msimamizi akiwa Marekani. Tofauti ni kwamba visiwa vya Pasifiki viliitwa eneo la kimkakati, na kwa jina hilo msimamizi aliruhusiwa kufunga sehemu za nchi kwa sababu za usalama wake. Tanganyika haikuwekewa kifungu hicho. Baraza la Udhamini mjini New York ndilo lililokuwa likipokea malalamiko ya watu wa pande zote mbili.

Wazee wetu wa Meru walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akavuka bahari kwenda New York kuwasemea. Nimewafundisha wanafunzi wangu kisa hicho kwa miaka thelathini kama kisa chetu peke yetu. Baadaye nikasoma kwamba tarehe 20 Aprili 1954 watu wa Visiwa vya Marshall nao waliandika malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, wakiomba milipuko ya silaha za maangamizi ikomeshwe katika visiwa vyao. Tarehe 1 Machi mwaka huo lilikuwa limelipuliwa bomu la haidrojeni liitwalo Bravo, lenye nguvu ya megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa, na upepo ukapeleka majivu hadi atoli ya Rongelap iliyokuwa na watu. Watoto walicheza nayo kwa kuwa hawakuwahi kuona kitu cheupe kikishuka kutoka mbinguni. Wakazi wa atoli hiyo walihamishwa baada ya siku mbili hivi, ngozi zao zikiwa zimeungua. Mwaka 1957 walirudishwa na kuambiwa kisiwa ni salama, na mwaka 1985 waliondoka wenyewe, kwa meli ya Greenpeace, kwa sababu hawakuamini tena.

Baraza la Udhamini liliwajibu nini? Liliwasikitikia, likaitaka Marekani ichukue tahadhari, na likaacha majaribio yaendelee. Wameru nao hawakurudishiwa ardhi yao kwa azimio la New York. Lakini Japhet aliporudi alizunguka nchi akieleza alichokiona, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo hilo kwa niaba ya TANU. Malalamiko yaliyoshindwa yaliacha njia iliyokanyagwa.

Ndiyo maana siioni tarehe 7 Oktoba 2022 kama mwanzo. Watu wale wamekuwa wakibisha mlango ule ule kwa miaka 68, na mwenye nyumba ambaye huulizwa kwanza kama mlango ufunguliwe ni yule yule aliyelipua.

Niongeze jambo moja juu ya gharama ya kukataa, kwa kuwa ndugu wa Dodoma anaandika kuhusu mataifa madogo. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka huo huo tulikuwa tumekwisha kuvutana na Ujerumani Magharibi, iliyotaka kutuchagulia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki na ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na mingine. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na nakumbuka baba yangu akitueleza habari hiyo kwa fahari kubwa katika nyumba ambayo haikuwa na mafuta ya taa. Tuliweza kwa sababu tulikuwa na ardhi ya kulima na majirani wa kutuunga mkono. Nchi yenye kilomita za mraba 181 za ardhi, ambayo vijana wake huishi na kufanya kazi Marekani bila viza kwa ruhusa ya mkataba ule ule wenye ibara ya 177, haiwezi kusema "chukueni yote" kwa urahisi huo.

Mwanafunzi wa Dodoma

Mwalimu, shikamoo. Sikujua habari ya tarehe 20 Aprili 1954, na nadhani umenibadilishia sura ya kwanza ya tasnifu. Dada Binti Kisauni, nimekubali: hoja ya malipo naiacha, na viti vitupu nitavihesabu.

Naomba kumuuliza Mzee Karani jambo moja la mwisho. Ikiwa Visiwa vya Marshall viliufahamu udhaifu huu wote ambao Mwalimu ameueleza, kwa nini vilichagua kulileta azimio wakati ule hasa, ilhali vilikuwa katikati ya mazungumzo ya kuhuisha mkataba unaovilisha?

Karani Mstaafu

Umeuliza swali lenyewe, mwanangu. Vilichagua wakati ule kwa sababu ndio wakati pekee ambapo Marekani ilivihitaji.

Masharti ya fedha ya mkataba yalikuwa yanakwisha tarehe 30 Septemba 2023. Katikati ya mwaka 2022 Washington ilikuwa na wasiwasi mkubwa na nyendo za China katika Pasifiki, hasa baada ya Visiwa vya Solomon kutia saini makubaliano ya usalama na Beijing mwezi Aprili. Kwajalein, mojawapo ya atoli za Marshall, kuna kituo cha Marekani cha kujaribia makombora, na mkataba unaipa Marekani haki ya kuyazuia majeshi ya mataifa mengine yasikanyage visiwa vile. Mwezi Septemba 2022, siku chache kabla Rais Biden hajawakaribisha viongozi wa Pasifiki mjini Washington, serikali ya Marshall ilifuta duru ya mazungumzo iliyokuwa imepangwa, kwa sababu suala la nyuklia lilikuwa halijapewa jibu. Wiki mbili baadaye azimio lilikuwa mezani Geneva, likiwa limeletwa pamoja na Fiji, Nauru, Samoa na Vanuatu. Mdogo hakwenda peke yake, na hilo ulitilie mkazo, kwani kuiambia nchi moja kwamba aya ya nne iondolewe ni rahisi, ila kuziambia nchi tano ambazo juma lililopita ulizilisha chakula cha jioni ni kazi nyingine.

Dada Binti Kisauni alisema vyema kwamba mdogo ana akili yake. Mimi ningeongeza kwamba shinikizo siku ile lilikwenda pande zote mbili. Marekani ilibana maneno, Visiwa vya Marshall vikabana kalenda.

Matokeo yake yamechanganyika. Januari 2023 pande mbili zilitia saini hati ya maelewano, na mkataba wenyewe ukatiwa saini Oktoba 2023, Visiwa vya Marshall vikiwa vya mwisho baada ya Palau na Mikronesia. Bunge la Marekani liliupitisha Machi 2024, miezi kadhaa baada ya masharti ya zamani kwisha. Kwa nchi zote tatu fedha ni dola bilioni 7.1 kwa miaka 20. Sehemu ya Marshall ni dola bilioni 2.3 hivi, na ndani yake zimo dola milioni 700 za mfuko wa dhamana ambao unaweza kutumika kwa mahitaji ya watu wa atoli zilizoathirika. Lakini Marekani haikuziita fidia, na msimamo wake kwamba ibara ya 177 ilimaliza kila kitu haujafutwa. Nina hakika kuna mama wa Rongelap ambaye angechukua fedha pungufu kama zingekuja na neno hilo moja.

Mwaka 2024 Ofisi ya Kamishna Mkuu ilileta ripoti yake mbele ya Baraza, ikieleza habari za magonjwa, ardhi isiyokalika na watu waliotawanyika. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Visiwa vya Marshall vilichaguliwa tena kuwa mjumbe wa Baraza kwa miaka 2025 hadi 2027, katika kundi la Asia na Pasifiki ambamo Saudi Arabia iligombea ikakosa kiti.

Kwa tasnifu yako, usiishie kwenye hesabu ya kura. Tafuta kumbukumbu za kikao cha tarehe 7 Oktoba na usome maelezo ya msimamo, yaani yale mafungu mafupi ambayo nchi husoma kabla ya azimio kupitishwa au mara baada yake, pale inapojiunga na maridhiano huku ikijitenga na aya fulani. Yasome kwa kalamu nyekundu, kitenzi kwa kitenzi, kisha yaweke kando ya ibara ya 177. Ukikwama mahali, rudi hapa uniulize.